Maji ya Badawy

Voi, 3 Septemba 2024

Kwako Mutindi,

Salamu zangu zikufikie kabla vumbi la barabara ya Kasigau halijazifunika. Mimi mzima, Nasiha mwanangu mzima, mguu wangu wa kushoto ndio uliojifanya mkubwa wa nyumba hii, ukisema tuketi tunaketi. Usishangae kuuona mwandiko wangu. Nasiha amenipa simu ya kupapasa, lakini wewe huko Makwasinyi mpaka upande kilima ndipo upate mtandao, na nikikupigia nasikia upepo tu. Nikakumbuka ulipopelekwa bweni Wundanyi mwaka wa sabini na mbili. Nani alikuwa akikuandikia kila wiki habari za Voi? Basi nimerudi kazini. Silvanus wa gari la Kasigau amekubali kuwa posta.

Shoga yangu, nina shida, na ni shida ya taaluma yako. Ile bustani ya mabomba ya Badawy huku juu ya nyumba, ile inayoota majini bila udongo, inanifia mkononi. Tangu afariki Julai mimi ndiye ninayeiangalia, na unajua niko eda, sitoki nje, kwa hiyo safari yangu ni kupanda ngazi na kushuka. Pampu haina neno. Maji yanapita kwenye mabomba vile vile alivyoyaacha. Kile kipimo cha mfano wa kalamu, ulichompa ulipostaafu maabara ya shule, nakitumbukiza tangini kila asubuhi kama alivyofanya yeye, na namba naiandika kwenye daftari lake. Yeye alitaka isome 1.6. Mimi nasoma 2.1. Maana yake chakula kimo, tena kimezidi, na nimeacha kabisa kutia ile mbolea ya chupa. Mbona basi majani yanageuka manjano?

Sukumawiki siililii, sokoni ipo tele. Nanaa ndiyo inayoninyima raha. Unaijua nanaa yenyewe. Ni ile mamangu aliyoitoa Mombasa, Mji wa Kale, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kibichi, akaipanda kwenye debe nyuma ya nyumba yetu ya zamani karibu na stesheni. Ya debe ikazaa ya karai, na ya karai Badawy akaipandisha juu ya nyumba. Ni shina lile lile, Mutindi. Ikifa hii hakuna nyingine, na mkono wa mamangu utakuwa umetoka nyumbani mwangu pamoja na wa mume wangu, mwaka mmoja.

Niambie nifanye nini.

Wako,
Saadiya


Makwasinyi, 9 Septemba 2024

Saadiya,

Barua imefika. Silvanus aliiweka chini ya kreti, inanuka nyanya, lakini inasomeka.

Wewe ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa", halafu ananyamaza. Tangi unalijazia maji gani? Mara ya mwisho ulilimwaga lote ni lini? Manjano ilianzia majani ya chini au ya juu, na je, kingo zimeungua? Ninakilie ukurasa wa daftari, safu zote, usiache hata moja. Kisha chota yale maji unayojazia, yatie kwenye glasi safi, uyapime peke yake kabla hayajafika tangini.

Kipimo kile nakijua, nimekitumia miaka kumi na mitatu. Hakionji. Kinahesabu chumvi zote zilizomo majini, na hakiulizi majina. Mbolea ya Badawy ni chumvi, na chumvi ya kisima ni chumvi. Kwake zote ni wageni waliokwisha kuingia.

Na nanaa hiyo usinifundishe, mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa. Badawy wakati huo kijana wa duka la babake, kila alasiri salamu zinakwenda kwa mamako kwamba chai ya dukani haina nanaa. Duka la watu wawili, na nanaa inayoombwa ni ya kutosha harusi. Mamako akavumilia mwezi mzima. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya mfereji wa reli akaniambia mbele za watu, "Mwambie huyo kijana aje achukue bustani yote, pamoja na anayeimwagilia." Wewe ulijifunika ndoo kichwani. Mimi nilicheka nikapoteza zamu yangu.

Nijibu upesi. Mmea haungoji Silvanus auze nyanya.

Mutindi


Voi, 14 Septemba 2024

Mutindi mwalimu wangu,

Najibu kama mtihani, usinikate maksi.

Maji ninayojazia ni ya kisima cha jirani yetu Mutinda. Ya mfereji yanakuja yakipenda. Yale ya mvua, yaliyokuwa kwenye tangi jeusi, yaliisha kwenye hitima ya arubaini, tuliyapikia pilau. Watu walikuja wengi mno, Mutindi. Walitoka Mombasa, walitoka Mwatate, hata wa Taveta walikuja.

Maji ya kisima nimeyapima kwenye glasi, nikashangaa mwenyewe: 1.2, na humo sijatia kitu.

Manjano ilianzia chini. Kingo zimeungua, kahawia, zinavunjika kama karatasi ya sambusa.

Swali la kumwaga lote sikulielewa. Nani anamwaga maji Voi? Umesahau tulivyolelewa? Kila anayepita kwenye pipa aongeze, pipa halilali nusu. Mamangu alikuwa akigonga pipa kwa kidole cha pete, likilia tupu nyumba nzima inatafutana. Kwa hiyo kila asubuhi naona tangi limepungua vidole viwili vitatu, naongeza, linakaa pomoni. Moyo wangu unatulia.

Daftari hili hapa, nimelichora na mistari yake:

10 Sept. Kipimo 2.2. Uchachu 6.8. Mkono: B.
11 Sept. Kipimo 2.2. Uchachu 6.8. Mkono: B.
12 Sept. Kipimo 2.2. Uchachu 6.9. Mkono: B.
13 Sept. Kipimo 2.3. Uchachu 6.9. Mkono: B.

Nanaa ina mashina kumi na moja yaliyo hai. Nimeyahesabu.

Saadiya


Makwasinyi, 20 Septemba 2024

Saadiya,

Maksi zote umepata, isipokuwa hapo kwenye pipa.

Sikiliza. Mmea hunywa maji zaidi, na ile chumvi ya kisima huiacha tangini. Wewe kesho yake unaongeza maji yenye chumvi nyingine. Ni sawa na kuacha mchuzi jikoni tangu asubuhi, kila ukikauka unaongeza maji ya chumvi, halafu jioni unauliza kwa nini hauliki. Chakula chenyewe, mbolea ya Badawy, nanaa ilikwisha kukila zamani. Kilichobaki kinachosoma 2.3 ni kisima cha Mutinda. Nanaa yako inakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Badawy alikuwa akimwaga tangi zima kila baada ya wiki mbili na kuanza upya kwa maji ya mvua. Mimi ndiye niliyemfundisha, na alibishana nami siku tatu, maana naye ni mtu wa Voi. Halafu akanielewa.

Nimempa Silvanus mitungi minne ya maji ya huku kwetu, yanayoteremka mlimani Kasigau. Nimeyapima, 0.1. Lebo ziko kwenye mitungi. Fanya hivi: mwaga tangi lote, tena mwagia mtende wenu wa uani, mtende huvumilia chumvi. Sugua tangi. Tia maji haya. Tia mbolea ya kifuniko chekundu kwanza, koroga. Kisha ya kifuniko cha buluu, koroga. Usizikutanishe zikiwa nzito nje ya maji, zitaganda kama chokaa na mmea hautapata kitu. Simama kipimo kikifika 1.4, maana mgonjwa hapewi sahani ya mtu mzima.

Habari za wageni wa hitima nimezisoma.

Mutindi


Voi, 30 Septemba 2024

Mutindi mpenzi,

Maji yamefika, Mungu akulipe. Nimefanya ulivyosema. Nimemwaga lote, nimesugua tangi, nimetia maji ya mlimani, nyekundu kwanza, buluu baadaye. Kila kitu. Lakini nanaa haijapata nafuu, mashina yamebaki matano. Labda ni uzee wake. Labda na mimea nayo ina siku zake zilizoandikwa.

Jana nilikuwa nimekaa juu, pampu inaguguma, nikaukumbuka uani kwenu kwenye nyumba za reli, mamako akitwanga mahindi ya muthokoi na treni ya Taveta ikipita, kinu na treni vikienda pamoja. Wewe ulikuwa ukisema treni ndiyo inayomfuata mamako. Siku hizi treni kubwa inapita kule juu ya tuta, haimfuati mtu.

Daftari:

24 Sept. Kipimo 2.4. Mkono: B.
26 Sept. Kipimo 2.4. Mkono: B.
28 Sept. Kipimo 2.5. Mkono: B.
30 Sept. Kipimo 2.6. Mkono: B.

Wako,
Saadiya


Makwasinyi, 8 Oktoba 2024

Saadiya,

Nimekaa na barua yako siku tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nilitaka hasira yangu ipoe, na haikupoa.

Hukumwaga. Tangi lililomwagwa huanza chini, 1.4, 1.3. Lako halijashuka hata siku moja, linapanda tu. Mdomo wako umenidanganya lakini mkono wako haukuweza. Ulishindwa kuandika namba ya uongo kwenye daftari la mumeo, ukaninakilia ukweli kwa mwandiko mzuri kabisa. Na herufi ile nimeiona tangu mara ya kwanza. Safu ya mkono ni ya aliyepima. Badawy alitiwa kaburini Julai, Saadiya. Nani anayepima Septemba?

Nilitaka kukuandikia hayo tu na kutia sahihi. Halafu nikaona mimi si mtu wa kumsuta mwenzake kwa uongo.

Nilikuja. Jumatatu ile, siku ya tatu baada ya mazishi. Nilishuka Voi saa nne asubuhi na mfuko wa ndengu begani, nikatembea mpaka kwenye kona ya duka la vyuma, pale nyumba yenu inapoanza kuonekana. Nikainua macho. Juu ya nyumba mabomba meupe yanang'aa, na kwenye kamba imeanikwa ile shati yake ya mistari, ya kazi, yenye doa la mbolea kifuani. Ilikuwa inapigwa na upepo. Nilingoja atokee aichukue. Wallahi ningeapa kama wewe, nilisimama nikangoja atokee. Mume wangu Muli nilimzika huku bila kutoa chozi mbele za watu, lakini shati ile ilinishinda. Nikampa ndengu mama mmoja aliyekuwa akiingia kwenu, nikarudi stendi. Nimekaa na aibu hiyo miezi mitatu, nikikufundisha habari za chumvi.

Nisamehe. Sasa na wewe niambie kwa nini hukumwaga.

Mutindi


Voi, 15 Oktoba 2024

Mutindi,

Ndengu nilijua ni zako. Nani mwingine duniani anayeleta ndengu za msibani zikiwa na lebo? "Ndengu, kilo nne, zimepepetwa, tarehe 14 Julai." Niliishika ile karatasi nikacheka, mjane wa siku tatu, wanawake wakadhani nimepagawa. Nilikuwa nangoja tu uniambie mwenyewe. Nilikukasirikia sana, sitaficha. Kila mlango ulipolia niliinua kichwa nikidhani ni wewe. Lakini nilipofika pale pa shati nililia, kwa sababu shati ile ni mimi niliyeikataza isianuliwe. Ilikaa wiki nzima.

Sasa sikiliza yangu.

Ijumaa ile aliamka vizuri. Alipanda juu akachanganya maji mapya, ilikuwa siku yake ya kubadilisha. Mimi nilikuwa chini, nikamsikia akikoroga kwa ule mwiko wa ubwabwa niliokuwa namgombeza kila siku aurudishe jikoni. Akapima, 1.6, akaandika, akatia B yake. Akashuka akasema anahisi joto, ajinyooshe kidogo kabla ya sala. Adhana ikatoka, nikamwita. Nikamwita tena.

Maji yale ndiyo kitu cha mwisho alichokitengeneza kwa mkono wake. Chakula cha mwisho alichokipika, kama unavyopenda kusema wewe. Nitayamwagaje, Mutindi? Kila asubuhi naongeza kidogo ili yasiishe. Najua mimi si mjinga, najua ya kwake yamebaki machache na ya Mutinda ndiyo mengi. Lakini madhali sijalifungua lile tangi, yamo. Na aliyeyatengeneza ni yeye, ndiyo maana naandika B. Nilimwonea haya kuandika jina langu kwenye kazi yake.

Maji yako ya mlimani tumeyanywea chai mimi na Nasiha. Yalikuwa matamu sana. Usiudhike.

Nanaa ina mashina matatu. Naona nachagua baina ya mume wangu na mamangu, na sijui kuchagua.

Saadiya


Makwasinyi, 22 Oktoba 2024

Saadiya shoga yangu,

Sitakwambia tena umwage. Mimi mtu wa maabara, nilipomaliza barua yako nilichukua karatasi nikaanza kupiga hesabu ya maji yake yaliyobaki, ukubwa wa tangi, lita za kila siku. Nilipokaribia jibu nikaichana.

Tangi liache lilivyo. Lina eda yake, kama wewe.

Nanaa peke yake ndiyo haiwezi kungoja. Humu kwenye mfuko mna chupa moja ya maji ya mlimani, imeandikwa lebo, na ole wenu mkiinywea chai. Chukua mkasi safi, kata ncha za yale mashina matatu, urefu wa kidole. Ondoa majani ya chini. Zitie kwenye glasi, zikae dirishani pasipo jua kali. Usitie mbolea wala usipime. Mmea usio na mizizi hauna mdomo, ukiulisha unauozesha. Unachotaka kwanza ni maji matupu na kuachwa.

Huku mawingu yameanza kukaa mlimani. Kuku wangu wanajua, wamehamia jikoni.

Mutindi


Voi, 19 Novemba 2024

Mutindi wangu,

Eda imekwisha juzi, Jumapili. Na mvua ilikuwa imetangulia. Ilipiga siku nne mfululizo, tangi jeusi likajaa mpaka likafurika, nikasimama mlangoni nikiliangalia likimwaga na mara ya kwanza maishani mwangu sikukimbilia ndoo.

Jana asubuhi nilikoga, nikavaa dera la rangi, Nasiha akanifukiza udi nikapiga chafya tatu. Badala ya kutoka kwenda mjini kama walivyodhani, nikapanda juu. Nilipima mara ya mwisho. 3.3. Mimea yote ya mabombani imenyauka, hakuna kilichosalia humo cha kuua. Nikasoma Fatiha. Nikafungua koki ya chini na Nasiha akaushika mpira mpaka kwenye mtende uani, kama ulivyosema. Nilidhani yatatoka kwa kishindo. Yalitoka taratibu, yakachukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na muda wote huo nilikuwa nikiongea naye. Nilimwambia mwiko wangu nimeupata, ulikuwa nyuma ya pampu. Nilimwambia amevumilia kisima cha Mutinda vya kutosha. Tangi lilipobaki na kikombe kimoja nilikinga mkononi, nikanawa uso. Uliwahi kuonja, wewe? Ni machungu.

Kisha nikasugua. Nikatia maji ya mvua, nikapima: 0.1. Mutindi, nilikitikisa kipimo nikidhani kimeharibika. Miezi minne sijaona namba ndogo hivyo. Ilinitisha, nikaona sina kitu kabisa. Halafu nikakumbuka ile chupa yako ya maji matupu. Nikatia nyekundu, nikakoroga kwa mwiko ule ule. Nikatia buluu, nikakoroga. Nikasimama kwenye 1.4.

Sasa kaa vizuri. Ncha tatu ulizoniambia, moja ilioza. Mbili zimetoa mizizi, myeupe, mirefu kama nyuzi za kanzu. Moja nimeipandisha jana kwenye tundu la kwanza la bomba, pale pale ya zamani ilipokuwa. Leo imeamka imesimama.

Ya pili iko mbele yangu kwenye glasi ninapoandika. Nimeifunga kwa kitambaa kibichi, kama alivyofanya mamangu, nione itakaaje safarini. Jumamosi nakuja nayo Makwasinyi. Silvanus nimeshamwambia, amesema ataniwekea nafasi mbele, nyanya zikae nyuma. Hii itakuwa yako. Ikifa ya kwangu nitajua pa kuja kuomba, na wewe usinitumie mtu, nitakuja mwenyewe kila alasiri kama Badawy. Ile kona ya duka la vyuma uliyoshindwa kuipita, nitaipita mimi nikija kwako. Siku ya kurudi tutaipita pamoja, nikushike mkono.

Chai uipike, nanaa usingoje, bado changa.

Daftari nakunakilia mstari mmoja tu.

18 Nov. Maji mapya. Kipimo 1.4. Uchachu 6.0. Mkono: S.

Saadiya